Mkebe wa postikadi za babu: nauza vipi bila kupunjwa?

Bint_Kibokoni

Assalaam aleikum wanabaraza, na wengine wote hamjambo.

Babu yangu mzaa mama alikuwa karani wa meli Kilindini mpaka alipostaafu 1978. Alipofariki, wajomba waligawana makabati na saa ya ukutani, mimi nikaachiwa mkebe wa biskuti uliokuwa uvunguni. Ndani mna postikadi 143, nimezihesabu mara mbili. Thelathini na kitu ni kuukuu hasa, rangi ya chai ya mkandaa, picha za Mombasa na Unguja za enzi watu wakivaa kofia za sufuria. Zilizobaki ni za miaka ya hamsini mpaka sabini: hoteli, ndovu, Fort Jesus ya rangi, meli, halafu Aden, Aden, Aden. Sijui babu alikuwa na nani huko Aden.

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne na mshahara mnaujua. Nimesikia watu huuza vitu hivi mtandaoni, nikasema huenda ikawa biashara ndogo ya kando, si lazima niishie kwenye mkebe huu tu.

Kuna bwana mwenye duka la vitu vya kale alikuja nyumbani, akazipekua kama dakika tano, akataja shilingi 3,000 kwa mkebe mzima na kusema ananifanyia hisani. Kilichonishtua ni vile alivyokuwa na noti tayari mkononi. Nikamwambia nitamuuliza mama.

Mwenzangu wa kazini naye ameniambia mali iko kwenye stempu, picha hazina kitu. Basi jana usiku nimeroweka kadi nne kwenye maji ya vuguvugu, stempu zimebanduka vizuri kabisa bila kuchanika. Je, niendelee na zilizobaki? Na nianzie wapi kuuza?

MzeeStempu

Mwaga hayo maji, mwanangu. Mwaga sasa hivi, kisha uje usome.

Hizo nne zimekwenda na maji, tuziombee. Postikadi iliyosafiri huuzwa na stempu yake na muhuri wake, vyote pamoja, kama kuku na manyoya yake sokoni. Stempu ya senti tano peke yake hapa Mombasa utaipata kwa bei ya andazi. Lakini stempu hiyohiyo ikiwa bado kwenye kadi, na muhuri ukasomeka mji na tarehe, kuna mtu Ubelgiji atakesha akiisubiri mnada ufunge.

Miaka kumi na mmoja sasa nauza kadi hizi. Nilianza baada ya kustaafu, na nilianza kwa kupunjwa, kwa hiyo najua unachoulizia. Niliuza kadi sitini kwa mtalii mmoja pale karibu na ngome kwa bei ya kilo nne za samaki. Miezi miwili baadaye nikaona saba kati yake mtandaoni, na kila moja ilikuwa inakaribia bei niliyopewa kwa zote. Sikulala siku tatu. Tangu hapo nikanunua lenzi.

Lenzi ndiyo chombo cha kwanza. Angalia picha kwa karibu. Ukiona vitone vidogo vidogo kama vya gazeti, imechapwa kiwandani, na nyingi za zamani zilichapwa Ujerumani au Uingereza hata kama muuzaji alikuwa Unguja. Usipoona vitone, inaweza kuwa picha halisi iliyosafishwa juu ya karatasi ya postikadi, na hiyo mara nyingi ina bei zaidi kwa sababu huenda zilitolewa chache tu.

Kisha igeuze. Mgongo ndio unaosema umri. Zamani mgongo mzima ulikuwa wa anwani tu, ukitaka kuandika salamu ujibane pembeni mwa picha. Waingereza waliruhusu mgongo ugawanywe kwa mstari mwaka 1902, Wajerumani 1905, Wamarekani 1907. Kadi isiyo na mstari huo ipe heshima, iweke peke yake. Halafu tafuta jina la mpigapicha au mchapishaji. Kwa Unguja utakutana na A. C. Gomes, Coutinho, na P. de Lord, Wagoa hao, waliokuwa na studio zao Mji Mkongwe. Ukiona jina lao usiseme ni ya kawaida mpaka uhakikishe, maana nyingine ni za kawaida kweli na nyingine hazionekani mara mbili katika miaka mitano.

Picha yenyewe nayo inasema mwaka, kwa anayeujua mji. Jumba la Beit al-Ajaib la Unguja: ukiona mnara wa saa umesimama peke yake mbele ya jumba, karibu na bahari, picha imepigwa kabla ya mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896. Ukiona mnara umeshikana na jumba, ni baadaye. Treni ya Bububu ikipita katikati ya nyumba, hiyo si kabla ya 1905. Mombasa ukiona kile kigari cha reli kinachosukumwa na watu, bwana kakaa chini ya turubai kama maharusi, basi motokaa bado hazijajaa.

Na hapa ndipo pesa yako ilipo, mwanangu, nisikilize vizuri. Wauzaji wa Ulaya wana kadi nyingi kutushinda, wana masanduku na masanduku. Wasichokuwa nacho ni kujua wanachokitazama. Huandika "Zanzibar, njia" basi. Wewe unajua ni njia ipi, ule mlango ni wa nyumba ya nani, lile duka lilikuwa la nini. Mwaka 2019 niliona kadi imeandikwa Mosque, Malindi. Mwenye kuuza alikuwa Mfaransa, akaitia katika fungu la Kenya. Nikatazama mnara: umbo la pia, mnene chini mwembamba juu, umezungukwa na pambo la mistari ya pembepembe. Huo si wa Malindi yetu hata kidogo, huo ni Msikiti wa Mnara wa Malindi ya Unguja, mtaa ule wa bandarini. Nimeswali pale. Nikainunua euro 4. Nikaiandika upya, mtaa, msikiti, kwa nini ni huu na si Mandhry wa Mombasa ambao nao una mnara wa pia, nikaiweka katika fungu la Zanzibar. Iliuzwa euro 26. Sikuifanyia chochote ila kuiita kwa jina lake.

Kwa hiyo usikimbilie kuuza. Kaa na mama yako na wazee wa mtaa, mpitie kadi moja moja, uandike kwenye daftari. Maelezo ya mistari sita yaliyo sahihi huuza kuliko picha kali.

Mahali: mimi natumia Delcampe, mtandao wa mnada wa Wabelgiji, wateja wake ni watu wa stempu na postikadi hasa. eBay ina watu wengi zaidi lakini kadi yako inazama kama sindano baharini. Malipo kwa sisi wa Kenya si tabu tena, PayPal unaitoa kwenye M-Pesa. Angalia ada zao tu, huuma. Anza na kadi tano zisizokuuma roho, upate sifa nzuri za wateja, ndipo ulete zile za rangi ya chai. Mtu hamlipi euro 30 muuzaji ambaye hana hata sifa moja.

Kutuma: kadi ndani ya mfuko wake wa plastiki, halafu katikati ya vipande viwili vya boksi gumu vilivyoizidi ukubwa kila upande, gundi ya karatasi isiiguse kadi. Tuma kwa rejista. Kifurushi changu kimoja kilipotea njiani bila rejista, nikarudisha pesa ya watu kimyakimya.

Kuhusu sheria, maana kuna atakayekutisha: sheria ya makavazi ya 2006 inahesabu kitu cha kale kuwa kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na imeviacha nje vitabu na nyaraka. Postikadi zako haziko huko. Ila usianze kuuza na milango ya watu.

Na zile za meli, ni meli gani?

Mtanga_Hamburg

Mzee kasema yote, niongeze la huku tu. Mimi ni wa Tanga, niko Hamburg mwaka wa kumi na nne. Jumamosi naamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kwenye magulio ya vitu vikuukuu, mke wangu anadhani nina mke mwingine.

Kadi za Afrika Mashariki ya Kijerumani ziko huku kwa sababu ndiko zilikotumwa. Askari na makarani waliwaandikia mama zao, mama wakaziweka kwenye albamu, wajukuu sasa wanasafisha dari. Muulize muuzaji boksi la "Kolonien", yaani makoloni, na kama hana, pekua boksi la "Ausland", nchi za nje, chini kabisa. Zile za rangi za kuchora zilizoandikwa "Gruss aus", yaani salamu kutoka, kila mtu anazijua, bei yake imeshapanda, sizigusi. Mimi naangalia mihuri. Kadi ina mnazi tu, picha mbaya, euro 2, lakini muhuri ni wa posta ndogo: Wilhelmsthal, ambayo ni Lushoto, Bismarckburg, Kasanga ile ya Ziwa Tanganyika, Neu-Langenburg, yaani Tukuyu. Posta kubwa ya Dar es Salaam au Tanga ilipiga mihuri kwa maelfu. Posta ya porini ilipiga michache, na watu wa mihuri ni wehu kuliko watu wa picha. Moja ya Bismarckburg ililipa kodi yangu ya nyumba wiki mbili. Ni moja, sijapata ya pili.

Angalia pia sarafu iliyoandikwa kwenye stempu: za kwanza zimeandikwa "pesa", kisha kuanzia 1905 ni "heller". Kadi yenye stempu ya heller na mtu anakuambia ni ya 1899, muachie mwenyewe.

Kijana_wa_Ngomeni

Mnajichosha. Mimi nachukua picha za zamani mtandaoni, naprinti kwenye karatasi nzito, naloweka kwenye chai, naanika juani. Mtalii hajui. Nauza 300 moja, kwa siku nzuri ishirini.

MzeeStempu

Kijana, kuprinti si dhambi. Andika nyuma "nakala" na mwaka ulioprinti, uza kwa raha yako, nami nitakununulia. Ukiloweka chai ukasema ni ya kale, huo ni wizi, tena wizi wa kijinga, maana lenzi ya shilingi 400 inakuumbua. Vitone vya printa ya wino havifanani na vya zamani hata kidogo, na chai inanuka chai. Kwa ajili yako na wenzako, mimi nikiuza kadi halali kwa mgeni hapa mjini huniuliza maswali kama polisi.

Mtanga_Hamburg

Picha nyingi anazoprinti ni za Dobbertin, yule Mjerumani aliyekuwa na kazi yake ya picha Dar. Ziko kwenye kumbukumbu za taifa la Ujerumani, mtu yeyote anaziona mtandaoni bure. Mnunuzi mzoefu anazijua kwa kichwa.

BiMwanaisha

Nina swali kwa Mzee, na usinikasirikie. Zile kadi za wanawake je? Binti hajasema kama anazo ila najua mikebe hii, lazima zimo. Msichana amesimama mbele ya pazia, mabega wazi, wengine mpaka kiunoni, chini imeandikwa mrembo wa Kiswahili, hana jina. Gomes alipata jina lake kwenye kadi, yeye hakupata. Unguja utumwa ulifutwa 1897, na kadi hizi nyingi ni za miaka iliyofuata papo hapo. Wengi wa wasichana hao walikuwa nani, na nani aliwaambia wavue? Sasa sisi wajukuu zao tunawauza kwa euro?

MzeeStempu

Bi Mwanaisha, sikukasirikii. Ndizo zenye wanunuzi wengi, nitasema kweli mbele ya watu. Mwanzoni niliuza. Niliuza kumi na mbili, najua idadi kwa sababu zimeandikwa kwenye daftari langu na siwezi kuzifuta. Siku moja mke wangu alipita nyuma yangu nikiwa nazipiga picha, akasimama, akasema, "Huyu amefanana na Mwanajuma." Mwanajuma ni dada yake. Hakusema neno jingine, akaenda jikoni.

Zilizovaa kanga zao kwa heshima bado nauza, na katika maelezo naandika kanga ile ni ya namna gani na nywele zimesukwaje, sitaji urembo. Zilizovuliwa nguo nimezitia bahasha, zimo kabatini, tisa. Sijui nizifanyeje. Kuzichoma siwezi, maana ndiyo sura pekee iliyobaki ya watu hao. Nimefikiria kuwapa watu wa makavazi.

BiMwanaisha

Wape. Na uwape na daftari lile.

Bint_Kibokoni

Shikamoo Mzee, na ahsanteni nyote. Samahani nimechelewa, ni wiki sita, tulikuwa na mitihani.

Maji nilimwaga usiku uleule. Zile nne nimezihifadhi ziwe funzo, stempu nimezirudisha kwa gundi lakini nimeandika nyuma kwa penseli kwamba nimezirudisha mimi.

Zilikuwamo tatu za wanawake kama alivyosema Bi Mwanaisha. Sikuziweka mnadani.

Nilikaa na mama na shangazi yake jioni nne, tukala mahamri mengi kuliko kadi tulizopitia. Shangazi ana miaka themanini na sita na anakumbuka duka gani lilikuwa wapi, ila hakubali kuulizwa harakaharaka. Kadi moja niliyodhani ni Mombasa alisema ni Lamu, akanionyesha kwa kidole jinsi gati lilivyo, na akanicheka.

Nimeuza tisa mpaka sasa. Treni ya Bububu imenipa euro 24 na nilikuwa nimeitilia 8 ya kuanzia, watu wawili waligombana mpaka sekunde ya mwisho, moyo ulinienda mbio kama nacheza mpira. Mzee uliuliza meli: ni Karanja na Kampala za British India, zile za Bombay mpaka Durban. Ndizo babu alizokuwa akizihudumia. Nilizidharau kwa kuwa ni za miaka ya hamsini, kumbe watu wa meli ni kabila jingine kabisa, hawajali Afrika wala nini, wanataka bomba la moshi lionekane. Ya Karanja ilikwenda euro 11, na mnunuzi akaniandikia barua ndefu kwamba alisafiri nayo akiwa na miaka sita na alitapika mpaka Shelisheli.

Jumla euro 87, nikafanya kama 13,000. Ada za mtandao na za PayPal zimekula 1,500 hivi. Mifuko ya plastiki, maboksi na lenzi 1,450. Gharama ya posta wamelipa wanunuzi wenyewe. Imebaki kama elfu kumi, na mkebe bado una 134. Yule bwana wa duka amepiga simu tena, sasa anasema 8,000. Nimemwambia bado namuuliza mama.

Hoteli na ndovu hazitoki, hata kwa euro moja. Nimeweka ishirini kwa pamoja, fungu moja, tuone.

Lakini niwasimulie za Aden. Moja ina picha ya yale mabirika makubwa ya maji yaliyochongwa mlimani, na mgongoni imejaa maandishi ya Kiarabu mpaka pembeni. Nilitaka kuiuza, nikaandika "imeandikwa Kiarabu". Mama akasema mpe shangazi kwanza. Shangazi akavaa miwani, akasogeza taa, akaanza kusoma kwa sauti, na kilichotoka kilikuwa Kiswahili. Hati za Kiarabu, maneno ya Kimvita safi. Mimi nimesoma mpaka chuo na sikuweza kusoma lugha yangu mwenyewe.

Tulinyamaza wote tukisubiri siri ya babu. Kadi ni ya ndugu yake mkubwa, nayo inasema amefika salama, bahari ilikuwa mbaya, ule mchele usiuzwe kabla hajarudi, na Omari aambiwe godoro si lake, aliazimwa.

Shangazi akaweka kadi chini akasema, "Godoro lile halikurudi."

Hiyo siiuzi. Swali langu la sasa, Mzee: kuna nyingine kumi na saba za hati hizo. Nizipige skani zote kwanza, au niziandike kwa mkono shangazi akisoma?

MzeeStempu

Vyote viwili. Na uanze kesho, kabla ya mahamri.